Ndege Tuliyemla Bila Kumjua

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Obokote nataka nikuulize swali moja, nawe ujibu mwenyewe, bila haya. Je, umekwisha kula kuku wa porini? Sisemi kanga, yule mwenye madoadoa. Nasema yule mwingine wa msituni, mkubwa kama jogoo wa kwetu na kupita. Dume lake ni jeusi lenye buluu, linang'aa kama mazuti iliyomwagika juu ya maji, shingo yake nyekundu haina manyoya, na juu ya kichwa amesimamisha kishungi cheupe kama mvi za mzee. Jike lake ni la rangi ya udongo, lakini mgongo wake ni wa kijani. Kama ulikaa katika kambi za wachimbaji upande wa Lubutu, Punia ao Walikale, inawezekana ulimkuta ndani ya sahani, na mwenye kupika alikuambia tu: ni kuku ya pori, kula.

Mimi nilimla. Nilikuwa na miaka 12. Nitarudi kwa habari hiyo.

Jina lake katika vitabu ni tausi wa Kongo. Jina lake katika lugha ya kwenu nakuachia umwulize babu yako, kwa maana wazee wa msitu walimwita kwa jina lake zamani sana, wakati wenye vitabu walikuwa hawajajua hata kama yupo. Duniani kote hapatikani porini isipokuwa katika misitu ya nchi yetu tu. Ukienda Gabon hayupo. Ukienda Kameruni hayupo. Yuko kwetu, na moja ya mahali pake ni msitu wa Maniema, ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya kasiterite na dhahabu, na kwa sababu ya potopoto ya barabara zake.

Obokote ni sekta mojawapo ya teritware ya Lubutu. Nyingine ni Bitule. Mtu wa Kindu akitaka kwenda huko, kwanza anavuka Lualaba mpaka Alunguli, kisha anatafuta moto mwenye roho ngumu, halafu anaelekea Punia na kupanda mpaka Lubutu. Nimesema roho ngumu, sikusema mbio. Safari yangu ilikuwa ya siku nne kwa sababu ya mvua, na kwenye mito miwili tulipandisha pikipiki ndani ya pirogi, mwenyewe nikiwa nimeshika gurudumu la nyuma na kuomba moyoni. Ukifika Lubutu unakuta barabara kubwa ya kutoka Kisangani kwenda Bukavu. Karibu na hapo ni Tingi-Tingi, penye kambi ile kubwa ya wakimbizi wa Rwanda, mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzo wa mwaka 1997. Wazee wa hapo wakitaka kukuonyesha wakati fulani hawasemi mwaka. Wanasema, kabla ya wakimbizi, ao nyuma ya wakimbizi. Hata nyama za msitu wanazihesabu hivyo.

Ukoo wa mama yangu ni wa huko. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Posho ilipoanza kuchelewa, na kisha kukatika, mama alitukusanya sisi watoto akatupeleka kwa nyanya yetu Obokote, mahali ambapo mtu hawezi kulala njaa kama mikono yake ni mizima. Ni hapo nilipojifunza kutega.

Sasa nikueleze kwanza habari ya unyoya, kwa maana bila habari hiyo hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye familia na shirika la kuchunga alikwenda kulala usiku tatu kando ya kinamasi.

Mwaka 1913 kijana mmoja wa Marekani, James Chapin, alikuwa Avakubi, kwenye mto Ituri. Alikuwa amekuja na mwenzake Herbert Lang, kwa kazi ya jumba la makumbusho la New York, na walizunguka katika Kongo tangu mwaka 1909 mpaka mwaka 1915 wakikusanya wanyama, ndege na samaki. Tamaa yao kubwa ilikuwa okapi, ambaye wenye elimu walikuwa wamemfahamu mwaka 1901 tu. Basi Chapin aliona mtu mmoja mwenye kofia, na juu ya kofia hiyo palikuwa na unyoya mmoja wa bawa, rangi ya kutu, wenye mistari myeusi. Chapin alijua ndege. Lakini unyoya ule haukufanana na ndege yeyote aliyemjua. Akauchukua, akaurudisha nao Marekani, akaulinganisha na ndege wote waliokaushwa katika jumba lile. Hakuna.

Aliuweka unyoya huo miaka 23. Watu wengine wangeutupa.

Mwaka 1936 Chapin alikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, akiendelea na kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kongo. Siku moja alipita katika ujia usiopitwa sana na watu, akaona juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wamejaa vumbi. Kibandiko chao kilisema ni tausi wa Uhindi, wachanga, walioletwa Kongo kutoka nje. Chapin akamtazama yule jike. Bawani mwake palikuwa na unyoya wa rangi ya kutu, wenye mistari myeusi. Ndege hao walikuwa wametolewa na kampuni ya Kasai mwaka 1914, nao walikaa pale juu ya kabati zaidi ya miaka 20 wakiitwa wageni, wakati walikuwa wenyeji. Nami nikisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa maana nimeona watu wengi waliobandikwa karatasi ya namna hiyo.

Katika mwaka uleule Mbelgiji mmoja aliyefanya kazi upande wa migodi alimwambia Chapin: ndege huyo mimi namjua, nimekwisha kumla. Ilikuwa mwaka 1930, huko Angumu, penye mgodi wa dhahabu. Angalia vizuri, ndugu msomaji. Wenye elimu wa Ulaya na Amerika wanatafuta ndege. Ndege yuko ndani ya sufuria ya kambi ya mgodi. Mwaka 1937 Chapin akapanda ndege ya chuma mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akaingia katika msitu huu huu wetu, na wawindaji wa Kongo wakamwonyesha alichokitafuta tangu ujana wake. Tangu siku hiyo dunia ikasema kwamba tausi wa Kongo amegunduliwa.

Wanapomlinganisha na ndege wengine wanasema ndugu zake wa karibu wako mbali sana, katika Asia, ndio wale tausi wenye mkia mrefu wanaoonekana katika picha. Uchunguzi wa damu uliofanywa miaka ya 1990 ulionyesha hivyo. Wa kwetu hana mkia wa kujivuna. Dume ana urefu wa karibu sentimita 65 mpaka 70, na uzito wake ni karibu kilo moja na nusu. Anakula matunda yaliyoanguka, wadudu, mchwa. Hulala juu mtini. Dume ana jike mmoja, naye husaidia kulinda watoto, jambo ambalo yule wa Uhindi mwenye mkia mrefu halifanyi. Jike hutaga mayai mawili mpaka manne, na hulalia kwa siku 26 hivi. Hayo ya mayai watu waliyajua zaidi kutoka kwa ndege waliofugwa. Mswisi mmoja, Charles Cordier, alipeleka saba wazima New York mwaka 1949, na baadaye bustani ya wanyama ya Antwerpen, Ubelgiji, ikawa ndiyo inayoshika daftari la tausi wa Kongo wote waliofugwa duniani.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka merikebu za Sulemani katika 1 Wafalme 10, zilizoleta dhahabu, pembe za tembo na tausi kwa safari moja. Mimi nilipokuwa katika chuo cha Biblia nilidhani vitu hivyo viliwekwa pamoja kwa bahati tu. Baadaye nikaona kwamba kwetu pia njia ya dhahabu na njia ya ndege huyu ni ileile moja.

Sasa habari ya sahani. Mwaka 1992 nilikuwa na mitego sita ya kamba nyuma ya shamba la nyanya, karibu na kinamasi. Niliitega kwa ajili ya mboloko. Asubuhi moja nilikuta jike amenaswa mguu, bado mzima, amechoka. Sikumwua vizuri, nilikuwa mtoto, niliogopa macho yake. Nyanya akampika pamoja na mawese na pilipili, tukala watu tisa, na kila mmoja alipata kipande kama kidole gumba. Nami nikachomeka unyoya wa bawa katika kofia yangu ya shule. Niliuvaa mpaka ulipovunjika.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ndogo ya chuo cha Biblia, nikafungua kitabu cha ndege kilichoachwa na mtu. Nikaona picha ya unyoya wa rangi ya kutu, wenye mistari myeusi, na chini yake habari ya Chapin. Nilifunga kitabu. Nikakifungua tena. Jamani, kofia yangu!

Tangu siku hiyo nilitaka kumwona akiwa mzima, akitembea kwa miguu yake. Lakini mtu anaoa, anapata watoto, anapewa shirika, vita inakuja, vita inakwenda. Nimekwenda mwaka uliopita tu, wakati wa likizo, nikiwa na miaka zaidi ya 40 na goti moja baya.

Kijana aliyenipeleka ni mwana wa kanisa la kule, mpiga ngoma wa kwaya. Sitaandika jina lake, nawe utaona kwa nini. Juma moja yuko katika mgodi na beleshi, juma lingine yuko msituni na mitego. Baba yake amekufa, na wadogo zake wawili wanasoma kwa mkono wake. Nilipomweleza ninachotaka, alinitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa.

"Papa Pasta, unatoka Kindu juu ya kuona ile ndege? Ya kuona tu?"

"Ya kuona tu."

"Hapana ya kula?"

"Hapana ya kula."

Akacheka, akasema: "Basi tutaenda. Lakini ile ndege haiko ya kuona na macho, Papa. Iko ya kusikia."

Kinamasi chenyewe si ziwa. Usifikiri maji mapana yenye mayungiyungi. Ni bonde chini ya msitu, kijito kimechoka kukimbia, kimelala katika mabondo na majani ya mangongo, na ukikanyaga vibaya potopoto inakushika mpaka gotini na haitaki kukuachilia. Maji yake ni meusi kama chai. Tausi mwenyewe si ndege wa maji, hapana. Yeye anapenda msitu mkubwa wa juu, penye chini safi. Lakini kijana alisema wakati matunda yanaanguka pale ukingoni, wanashuka alfajiri wawili-wawili, wanakwaruza majani, wanakunywa, wanapanda tena.

Kufika pale tulipita njia nyembamba, na kila baada ya hatua chache kijana aliniambia, "Ruka, Papa." Nikaruka. Mara ya nne nikainama nitazame ninaruka nini. Ilikuwa waya wa breki ya pikipiki, umefungwa katika kijiti kilichopindwa, na kitanzi chake kimefichwa chini ya majani. Kazi nzuri, nakiri, kuliko yangu ya zamani. Zamani kamba zetu zilikuwa za nyuzi za miti. Zilioza, na mtego uliosahauliwa ulikufa wenyewe. Waya hauozi. Unaendelea kutega hata kama mwenyewe amehama. Ni mboloko anayetafutwa, lakini waya haujui mboloko na tausi, na mguu wa ndege mwenye kutembea chini ni mguu tu. Watu waliofanya uchunguzi wa ndege huyu katika misitu yetu ya mashariki walikuta jambo hilohilo: pale migodi inapofunguliwa watu wanakuwa wengi, nyama inahitajika kila siku, mitego inaongezeka, na sauti ya tausi inanyamaza. Sheria ya nchi inamlinda. Lakini nani alipata kuona sheria ikitembea katika kinamasi?

"Iko ngapi?" nikamwuliza.

"Yote? Kupita makumi tano."

Sikusema kitu. Tulikuwa tumekuja kungoja ndege.

Usiku wa kwanza hakuna. Tulikaa chini ya kibanda cha majani, bila moto, na mbu walifanya mkutano mkuu juu ya masikio yangu. Jioni kasuku walipita juu, wachache. Nikiwa mtoto walipita mpaka tukachoka kuhesabu, lakini wengi walikamatwa wakauzwa mbali. Usiku vyura walipiga kelele hata sikuweza kujisikia nikiwaza. Karibu na alfajiri siafu walipata njia katika suruali yangu, na mchungaji aliruka kwa namna ambayo kijana alisema angewaeleza watu wa kwaya. Basi ndege wote wa Obokote walijua tuko pale.

Usiku wa pili mvua.

Ni katika mvua hiyo, tumekaa tumebanana kama watoto, ndipo nilimweleza habari ya Chapin, na unyoya, na kofia ya yule mtu wa Avakubi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Na yule Muzungu, alilipaka mwenye kofia?"

Ndugu msomaji, nimefundishwa kujibu maswali magumu. Hili halikuwa katika masomo. Jina la Chapin ninalo, na miaka, na jina la jumba la Tervuren. Jina la mwenye kofia sina. Nikamwambia hivyo. Akasema "Mm," kama wazee wetu wanavyosema wanapokuwa wamekwisha kuelewa jambo zima.

Mvua ilikatika kama saa nane ya usiku. Msitu wote ulikuwa ukidondoka. Hapo ndipo, kutoka juu ya mti mkubwa ng'ambo ya kinamasi, sauti moja nzito ya kukwaruza ikaita: gowe! Na nyingine, nyembamba kidogo, ikajibu kabla ya kwanza haijakwisha: gowa! Gowe, gowa. Gowe, gowa. Dume na jike, kila mmoja akishika neno lake, kama vile bwana na bibi wanavyosimulia habari moja kwa wageni na kukatizana. Iliendelea muda mrefu. Mbali sana, upande wa mlima, wengine wawili wakajibu. Si sauti tamu, nisikudanganye. Kama punda angekuwa ndege, angelia hivyo. Lakini nywele zangu zilisimama.

Kijana akaninong'oneza, "Unasikia? Ile ya karibu inalalaka pale miaka tatu sasa." Aliwajua. Hakuwa amewaambia watu.

Asubuhi ile hawakushuka mahali petu. Tulikuta tu nyayo katika potopoto na majani yaliyokwaruzwa. Nilikuwa na siku moja tu iliyobaki, maana moto wangu alikuwa amekwisha kulipwa na alikuwa akipiga honi kijijini kama mtu mwenye ghadhabu.

Usiku wa tatu hatukusema neno. Tulilala kifudifudi juu ya kipande cha shitingi, nyuma ya gogo. Giza likaanza kupungua, si kwamba palikuwa na mwanga, ila ulijua mkono wako uko wapi. Ndipo nikaona kitu cheupe kikitembea peke yake, urefu wa goti kutoka chini. Kinakwenda, kinasimama, kinakwenda. Nilidhani ni kipepeo. Kumbe ni kile kishungi! Mwili wake ulikuwa mweusi kama usiku wenyewe, na kichwa tu kilionekana. Kisha mwanga ukaongezeka kidogo nikaona shingo nyekundu, na buluu ile ya bawa, na nyuma yake jike anachakura majani, anatupa kushoto, anatupa kuume, kama mama anayepepeta mpunga. Mgongo wake ulikuwa kijani kama jani jipya la ndizi lenye umande. Walikuwa mbali kama kutoka mimbari mpaka mlango wa kanisa letu. Dume alipata kitu, akakiweka chini mbele ya jike. Jike akakila. Dume akatafuta kingine.

Nilitaka kumgusa kijana bega, kumwambia ona. Nikageuka. Yeye hakuwa akiwatazama ndege. Alikuwa akitazama mbele yao, hatua kumi hivi, mahali penye kijiti kilichopindwa.

Jike alikuwa akienda moja kwa moja pale. Anachakura, anakwenda. Anachakura, anakwenda.

Kijana akainuka kwa magoti akapiga makofi mara mbili kwa nguvu, pa! pa!, kama vile tunavyofukuza mbuzi katika shamba la watu.

Jike alikimbia chini, shingo imenyooka. Dume akaruka kwa kishindo kikubwa cha mabawa, akapotea juu. Majani mawili-matatu yakaanguka. Basi, imekwisha. Miaka yote ile, na siku nne za potopoto, na kuona kwangu kote nadhani hakukufika dakika mbili.

"Nisamehe, Papa," akasema. "Ingeingia."

"Ingeingia wapi?"

"Kwa yangu."

Tulikaa pale mpaka jua likaingia. Kisha akasimama, akaenda kwenye kijiti kile, akakiachilia, akafungua waya, akauzungusha mkononi. Akaenda kwa wa pili. Nilimfuata bila kuuliza. Upande ule wa ukingo, kutoka gogo mpaka mti wanaolala, zilikuwa kumi na moja. Alizitoa zote, akazitia ndani ya gunia la mchele. Zile nyingine, za upande wa mlima, hakuzigusa.

Hapa wasomaji wengine watangoja mahubiri yangu kwa kijana huyu. Sikumhubiria. Jioni iliyotangulia mama wa nyumba alikuwa amenipa wali na sombe na mboloko ndani ya mchuzi wa mwamba, nami nilikula, nikalamba na vidole. Mboloko yule alitoka katika mojawapo ya waya zile. Zaidi ya hapo, nilijua minervale ya wale wadogo zake wawili inalipwa na nini. Shirika letu halikuwa limewalipia hata muhula mmoja. Nilifikiri juu ya jambo hilo njia nzima ya kurudi, na nilipofika Kindu nikalileta mbele ya wazee wa kanisa. Tumekwisha kupata sehemu, bado hatujapata yote.

Kama wewe nawe, hasa kijana unayesoma ukurasa huu Kalima ao Punia, unataka kumwona ndege huyu, si lazima uende mbali mpaka Obokote. Yuko pia katika Hifadhi ya Taifa ya Maiko, iliyowekwa mwaka 1970, na katika Hifadhi ya Lomami, magharibi ya Kindu, iliyotangazwa rasmi mwaka 2016. Lakini huko unahitaji ruhusa na njia ndefu. Afadhali anza kwenu. Waulize wazee wanaotega ni mti gani anaolilia. Nenda usiku ambao mvua imekatika. Usivae shati jeupe la kanisani. Funga suruali chini kwa kamba, juu ya siafu, usinicheke, utakumbuka. Jambishe kwanza chefu wa kijiji, kwa maana mtu anayelala kinamasini bila kujulikana wanaweza kudhani anatafuta madini ya wenyewe, na hapo utaeleza habari ya ndege mpaka uchoke, hakuna atakayekuamini.

Mwezi jana kijana alipanda mlima mahali penye rezo, akanipigia simu. Tukasalimiana, akanipa habari za kwaya. Nikamwuliza habari za wale wawili.

"Wanalia, Papa. Jana pia wamelia. Na nyuma ya jike kuko kama kitoto moja, sikuona muzuri."

"Na zile kumi na moja?"

"Zingali ndani ya gunia." Akanyamaza kidogo, nilisikia upepo wa mlimani katika simu. "Lakini masomo inaanza mwezi wa kenda, Papa."